Kadhi, Mtawala na Nyumba Zetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, Hakimu wa mahakimu, ambaye hukumu Yake haina upendeleo wala rufani. Tunamshukuru kwa neema ya Uislamu, na tunamwomba msamaha kwa upungufu wetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ziwafikie jamaa zake na Sahaba zake, na kila aliyeufuata uwongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu Waislamu, mlioko misikitini na mlioko majumbani, tunakuusieni na tunajiusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu, kwani ucha-Mungu ndio mlinzi wa haki pale ambapo hapana askari wala shahidi.

Mara nyingi tunaulizwa, na hasa na vijana wetu wa vyuo: Sharia ya Kiislamu ina mahali gani mbele ya siasa na mbele ya dola za zama hizi? Wako wasemao kwamba Sharia ni mambo ya udhu na sala tu, na yaliyobaki ni ya serikali. Wako wasemao kwamba hapana Sharia kabisa mpaka dola yote iwe mikononi mwa Waislamu. Makundi haya mawili hayapatani katika lolote ila moja: yote mawili hudhani kwamba Sharia ni kitu kitolewacho na serikali. La kwanza linafurahi kwamba serikali haikuitoa, na la pili linasikitika. Tarehe ya Uislamu inatufundisha vingine, nasi leo tunataka kuipitia tarehe hiyo kwa ufupi, kisha tutazame jambo moja lililo karibu nasi kuliko yote.

Tuanze na ulimi wetu wenyewe. Mswahili anapotaka kutaja jambo la serikali, hata kama hana habari za dini, husema sheria, haki, hukumu, hakimu, mahakama, wakili, shahidi, dhamana, siasa, dola. Maneno yote haya tumeyapokea kutoka Kiarabu. Kabla ya bendera za Ulaya kupandishwa katika pwani hii, watu wa hapa walikuwa na mahali pa kushitakiana, na mtu wa kuwaamua, na lugha ya kuamuliana. Hata sheria iliyotungwa na bunge, na hata siasa ya chama, huitwa kwa maneno yaliyopita kwanza katika baraza la Kadhi. Na neno siasa, kwa asili yake, ni uendeshaji na utunzaji, kama mtu atunzavyo mnyama aliyepewa amlishe na amwongoze. Basi siasa kwa maana hiyo ni amana.

Na amana ndiyo msingi wa jambo letu. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anatuamrisha mambo mawili pamoja: kuzirejesha amana kwa wenyewe, na kuhukumu kwa uadilifu tuhukumupo baina ya watu. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 135, anatuamrisha kusimama imara kwa uadilifu, hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Aya hizi hazikusema neno hili ni la watawala peke yao. Zimesemeshwa waumini wote.

Mtume (S.A.W.) alipompeleka Muadh bin Jabal Yaman, imepokewa katika hadithi iliyo mashuhuri kwa wanazuoni kwamba alimwuliza atahukumu kwa nini. Muadh akajibu kuwa atahukumu kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Asipoona humo, kwa Sunna ya Mtume Wake. Na asipoona huko, atajitahidi kwa rai yake. Hakusema atangoja amri itoke Madina kwa kila kesi. Tangu siku zile, hukumu ilikuwa elimu kabla ya kuwa cheo.

Sayyidna Umar (R.A.) alimweka Shuraih kuwa Kadhi wa Kufa, naye akadumu katika kazi hiyo miaka mingi. Kuna kisa mashuhuri kisimuliwacho, kwamba Sayyidna Ali (R.A.), akiwa ni Khalifa, alisimama mbele ya Shuraih akidai deraya yake iliyokuwa mkononi mwa Myahudi mmoja. Shuraih alimtaka ushahidi. Ushahidi aliouleta haukutimia kwa masharti ya Kadhi, basi Khalifa akashindwa katika mahakama ya nchi aliyokuwa akiitawala mwenyewe. Kwa karne nyingi Waislamu wamekipenda kisa hiki na kuwasimulia watoto wao, kwa sababu kinaeleza walichokitarajia kwa Kadhi: kwamba mbele yake mkubwa na mdogo huketi mkeka mmoja.

Lakini tusidanganyane, ndugu zetu. Tarehe yetu haikuwa yote ya namna hiyo. Baada ya ukhalifa kugeuka ufalme, watawala walitambua kwamba mwenye kuishika Sharia ameshika nyoyo za watu, nao wakataka waishike. Hapo ndipo maimamu wetu wakubwa walipopata mtihani wao.

Imamu Abu Hanifa alitakiwa na Khalifa al-Mansur wa Bani Abbas awe Kadhi. Akakataa. Akafungwa, naye akafariki Baghdad mwaka 150 wa Hijra, yaani mwaka 767. Hakukataa kwa kuudharau ukadhi. Alikhofu kukaa katika kiti ambacho mtawala angeweza kumshika mkono akiandika hukumu.

Imamu Malik wa Madina alipata mtihani mwingine, na sababu yake yatupasa kuizingatia. Alikuwa akisomesha kwamba talaka ya mtu aliyelazimishwa haipiti. Hili ni jambo la ndani ya nyumba, baina ya mume na mkewe. Lakini watu walifahamu mara moja: ikiwa talaka ya kulazimishwa haipiti, basi na kiapo cha utiifu alichokilazimishwa mtu kumpa mtawala nacho hakipiti. Gavana wa Madina naye alifahamu hivyo, na Imamu akachapwa mijeledi. Tazameni jinsi mas'ala moja ya talaka yalivyotikisa kiti cha utawala. Na imepokewa vile vile kwamba Khalifa mmoja wa Bani Abbas alitaka kukifanya kitabu chake, al-Muwatta, kuwa sheria moja ya dola yote, na watu walazimishwe kukifuata. Ni mwanazuoni gani asingependa hivyo? Imamu Malik alikataa. Alisema kwamba Sahaba walitawanyika katika miji, na kila watu wamepokea elimu kwa njia yao, basi waachwe na walichokipokea.

Akaja Khalifa al-Ma'mun, akataka mnamo mwaka 218 wa Hijra, yaani mwaka 833, kuwalazimisha makadhi na wanazuoni waseme kwamba Qur'ani imeumbwa. Wengi wakasema kwa khofu. Imamu Ahmad bin Hanbal akakataa, akafungwa, na katika zama za Khalifa al-Mu'tasim akapigwa mijeledi. Makhalifa wakapita, mtihani ukaondolewa, na Imamu Ahmad alipofariki mwaka 855 watu wa Baghdad walijaa njiani kumzika. Tangu hapo ikawa wazi kwamba mtawala ana upanga na hazina, lakini hana mamlaka ya kusema dini ni ipi.

Je, maana yake ni kwamba wanazuoni wote waliikimbia serikali? Hapana. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliukubali ukadhi, na katika zama za Harun al-Rashid akawa wa kwanza kuitwa Kadhi wa Makadhi. Akamwandikia Khalifa kitabu juu ya kharaji, akamwonya asiwadhulumu wakulima. Na al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alikuwa Kadhi wa madhehebu yetu ya Shafi'i, akaandika kitabu mashuhuri juu ya hukumu za utawala. Mwalimu alikataa kiti, na mwanafunzi akakikalia. Na umma umewaheshimu wote wawili, kwa sababu wote wawili waliihifadhi amana moja.

Basi mpango uliopatikana ulikuwa huu. Elimu ya Sharia ilikuwa mikononi mwa wanazuoni, iliyoandikwa katika vitabu vyao na kusomeshwa katika darsa zao. Kadhi aliwekwa na mtawala, na hukumu yake ilitekelezwa kwa nguvu za mtawala, lakini aliyoyahukumu hayakutungwa na mtawala. Na wanazuoni wengi waliishi kwa mapato ya wakfu za Waislamu, hata asiyekula katika meza ya sultani akaweza kusomesha. Mambo mengine, kama ulinzi, masoko na kodi, mtawala aliyapanga kwa siasa yake, kwa sharti asiipinge Sharia. Wako watawala waliolivunja sharti hilo, na wako makadhi waliohongwa. Hadithi yatuonya kwamba makadhi ni watatu, wawili motoni na mmoja peponi. Na onyo halitolewi pasipo na hatari. Lakini mizani ilikuwapo, na watu waliijua.

Mpango huo ulifika hata kwetu. Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, alikuta Mogadishu Kadhi ambaye asili yake ni Misri. Ameeleza jinsi Kadhi huyo alivyokuwa akikaa na mawaziri na maamiri kusikiliza mashitaka ya watu. Lililokuwa la Sharia aliliamua Kadhi. Lisilokuwa hilo waliliamua wenye shauri. Na lililohitaji rai ya sultani aliandikiwa, naye akajibu nyuma ya karatasi ile ile. Kisha Ibn Battuta akashuka Mombasa, akafika na Kilwa, akawasifu watu wake kwa dini yao. Hayo ni karibu miaka 700 iliyopita. Basi aambiwe yule adhaniye kwamba mahakama ya Kadhi ililetwa na Mwingereza.

Sasa tuje katika dola ya zama hizi. Dola hii ina tabia moja ambayo dola za kale hazikuwa nayo: haitaki kuwe na sheria yoyote ila imepita mkononi mwake. Sharia ilipokutana na dola ya namna hii, haikufukuzwa kwa siku moja. Iliingizwa katika daftari za serikali, na kilichofaa kikaandikwa, na kisichotakiwa kikaachwa nje.

Mambo yalianza katika dola ya Kiislamu yenyewe. Baina ya mwaka 1869 na 1876, serikali ya Uthmaniya huko Istanbul iliandika Majalla, vifungu 1,851 vya hukumu za biashara na mikataba kutokana na fikihi ya Hanafi, chini ya uongozi wa mwanazuoni Ahmed Cevdet Pasha. Ilikuwa kazi kubwa na yenye manufaa, kwani hakimu alipata kitabu kimoja chenye kufahamika. Lakini lile ambalo Imamu Malik alilikataa sasa likawa: maneno ya mafakihi yakawa sheria kwa sababu serikali imeyapiga chapa. Na iliyoandikwa na serikali, serikali yaweza kuifuta. Mwaka 1922 usultani uliondolewa. Tarehe 3 Machi 1924 ukhalifa nao ukaondolewa. Na mwaka 1926 Uturuki ikachukua sheria ya madai ya Uswisi mahali pa Majalla. Misri nayo ilizivunja mahakama zake za Sharia kwa sheria ya mwaka 1955, na tangu mwanzo wa mwaka 1956 kesi za ndoa na mirathi zikaingia katika mahakama za kawaida. Waliofanya hayo si wageni. Walikuwa watu wenye majina kama yetu.

Katika pwani yetu mambo yalipita njia nyingine. Mwaka 1895, Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Unguja, aliwaachia Waingereza waitawale kwa niaba yake sehemu ya pwani ambayo leo ni ya Kenya. Dini na desturi za watu ziliahidiwa kulindwa. Mahakama za Liwali, Mudiri na Kadhi zikaendelea, lakini zikawekwa chini ya mahakama za Mwingereza. Makosa ya jinai yakatoka, biashara ikatoka, ardhi ikatoka polepole. Ikabaki ndoa, talaka na mirathi. Walioishika kazi hiyo walikuwa wanazuoni wakubwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937 hata kufariki kwake mwaka 1947, hakutosheka na kuhukumu; kabla ya cheo hicho alikwisha kuandika na kutoa gazeti la Al-Islah, akiwazindua Waislamu kwa Kiswahili chao. Na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Unguja na kisha Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968 mpaka mwaka 1981, ndiye aliyetupa tafsiri ya Qur'ani ambayo imo majumbani mwetu.

Uhuru ulipokaribia, watu wa pwani waliuliza Kadhi atakuwaje. Tarehe 5 Oktoba 1963, Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua za makubaliano, na miongoni mwa yaliyoahidiwa ni kwamba mamlaka ya Kadhi Mkuu na makadhi wengine katika mambo ya Waislamu ya ndoa, talaka na mirathi yatahifadhiwa daima. Ahadi hiyo ikaingia katika katiba ya Kenya, na sheria ya mahakama za Kadhi ikatungwa mwaka 1967. Haikukosa kutikiswa. Sheria ya Urithi ya nchi hiyo, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, haikuwatoa Waislamu, na iliwachukua miaka ya malalamiko mpaka ikarekebishwa mwaka 1990, mirathi yao ikarudishiwa Sharia. Mwezi wa Mei mwaka 2010 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya kulipinga jambo la mahakama za Kadhi kuwamo katika katiba. Na mwezi wa Agosti wa mwaka huo huo wananchi wakapiga kura ya kuikubali katiba mpya ambayo kifungu chake cha 170 kinazitaja mahakama hizo kwa jina. Lakini kifungu hicho kina sharti: Kadhi huamua ikiwa wote wanaoshitakiana ni Waislamu, na wote wamekubali kuhukumiwa naye. Tulikumbuke sharti hili, kwani tutalirudia.

Tanganyika ilichukua njia ya kuunganisha. Mwaka 1963 sheria mpya ya mahakama iliziweka mahakama zote katika mfumo mmoja, na mahakama za makadhi na maliwali zikaondoka. Mirathi na ndoa za Waislamu zikaenda mahakama za mwanzo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, lakini yataka ugomvi upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na mahakama ndiyo itoayo amri ya kuvunja ndoa. Maombi ya kuirudisha mahakama ya Kadhi yamezungumzwa miaka mingi, na muswada uliofikishwa Bungeni mwaka 2015 haukupitishwa. Unguja na Pemba, makadhi walibakia, na sheria yao ya mwaka 1985 ikabadilishwa kwa mpya mwaka 2017.

Nchi hizi ni jirani, watu ni jamaa wa damu, na madhehebu ni yale yale, na bado Kadhi ana hali tatu mbalimbali. Hii ndiyo kazi ya siasa. Wala hatusemi Waislamu wasiziombe serikali zao, kwa adabu na kwa njia za sheria, yale waonayo kuwa ni haki yao. Kuomba haki ni haki.

Lakini zingatieni jambo hili, enyi ndugu. Kila mahali tulipopita, dola ilichukua jinai, ikachukua biashara, ikachukua ardhi, na kwa walio wengi ikaacha kitu kimoja: nyumba. Mke na mume, mzazi na mtoto, maiti na warithi wake. Hapo ndipo Sharia iliposalia mikononi mwetu. Basi na tujiulize: hicho kilichosalia tumekifanya nini?

Miaka iliyopita tuliitwa kusuluhisha katika nyumba moja ambayo hatutaitaja. Baba alifariki akaacha mke, mwana mmoja na mabinti wawili. Mwana huyu alikuwa mtu wa safu ya mbele, na kila palipofanywa mkutano wa kudai mahakama za Kadhi sauti yake ndiyo iliyosikika. Tulipofungua mambo ya mirathi tukakuta miaka tisa imepita, nyumba ya marehemu imepangishwa, na kodi yote anaichukua yeye. Dada zake amewaambia kwamba wao wameolewa na wanakula kwa waume zao, na nyumba ni ya ukoo. Mama yake hajaulizwa lolote. Dada mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kaka, Kadhi unayeitaka serikali ikupe, mimi nimemtaka humu nyumbani miaka tisa."

Hapakuwa na la kuongeza. Tuliomba karatasi, tukahesabu, nasi tunaihesabu tena hapa kwa ajili ya wanafunzi. Baada ya kulipa gharama za maziko, na madeni, na wasia usiozidi thuluthi, tuseme imebaki mali ya shilingi 3,200,000. Mke, kwa kuwa pana watoto, ana thumuni: shilingi 400,000. Zilizobaki ni 2,800,000, na mwana ana mafungu mawili, kila binti fungu moja. Hayo ni mafungu manne ya 700,000. Basi mwana ana 1,400,000, na kila binti ana 700,000. Hesabu hii haihitaji Bunge. Haihitaji bendera. Aya ya 7 ya Surat An-Nisaa imekwisha kusema kwamba wanaume wana sehemu na wanawake wana sehemu, mali ikiwa kidogo au nyingi. Na aya ya 11 na ya 12 zimezitaja sehemu zenyewe. Serikali gani ilimkataza ndugu huyu kumpa dada yake 700,000 zake?

Nyumba ile iligawanywa. Lakini kodi za miaka tisa dada zake walimsamehe nusu tu, na nusu nyingine ilikuwa bado ikidaiwa alipofariki. Amekwenda nayo mbele ya Hakimu asiyehitaji shahidi. Wahenga wamesema, mla cha mwenzio na chako huliwa. Na cha yatima na cha dada ni kizito zaidi.

Na msidhani kisa hiki ni cha nyumba moja. Watafiti waliokaa katika mahakama za Kadhi za Mombasa na Malindi katika miaka ya 1980 walikuta kwamba wengi wa waliokuja kushitaki ni wanawake: wanadai matumizi, wanadai mahari, wanadai talaka iliyozuiwa, na mara nyingi Kadhi aliwapa haki yao. Watu wasema mnyonge hana haki. Mahakama ya Kadhi iliwekwa ili msemo huu uwe uongo. Mwanamke aendapo huko haendi kuivunja dini. Aenda kuitafuta, kwa kuwa ameikosa kwake.

Na lile sharti la kukubali kuhukumiwa, tuliloahidi kulirudia, sasa lapata maana yake. Twajua watu ambao fungu la Sharia likiwapendeza husema, "Twende kwa Kadhi", na likiwa dogo kuliko tamaa yao husema, "Twende mahakama ya serikali." Katiba imewapa hiari hiyo. Lakini Muumini aliyekwisha kuijua haki ya mwenzake haimfai hiari hiyo mbele ya Mola wake. Imamu Abu Hanifa alifia kifungoni asiigeuze hukumu kwa matakwa ya mtawala. Sisi twaigeuza kwa matakwa ya matumbo yetu, na hapana aliyetutisha kwa mjeledi.

Ninasema kauli hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Khutba ya pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake mwaminifu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunamalizia kwa nasaha chache. Mwenye deni aliandike, na mwenye wasia auandike akiwa mzima wa akili. Maiti akishazikwa, mirathi igawanywe mapema, kabla watu hawajazoea kula kisicho chao. Mahari ya mke ni ya mke. Si ya baba yake wala ya kaka yake. Ukitokea ugomvi wa ndoa, fuateni aya ya 35 ya Surat An-Nisaa: aletwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke. Sheria ya mwaka 1971 ilipoyataka mabaraza ya usuluhishi, wengine tulinung'unika. Laiti tungaliyashika ya Qur'ani, tungalifika kwenye mabaraza hayo tumekwisha patana. Na nyinyi wanafunzi, jifunzeni elimu ya mirathi kwa bidii, kwani elimu hii hupotea ikiwa haina wa kuisoma, na ikipotea hapana sheria ya nchi iwezayo kuirudisha.

Na mkumbuke jambo la mwisho. Imepokewa katika tarehe kwamba katika zama za Bani Umayya palikuwa na makhatibu waliokuwa wakimtukana Sayyidna Ali juu ya mimbari, kwa amri ya siasa. Khalifa Umar bin Abdul Aziz, aliyetawala tangu mwaka 717 mpaka mwaka 720, aliyakomesha matusi hayo, na mahali pake akaweka aya ya 90 ya Surat An-Nahl, ambamo Mwenyezi Mungu anaamrisha uadilifu, na wema, na kuwapa jamaa, na anakataza uchafu na maovu na dhuluma. Wametawala wengi baada yake, dola zimeinuka na dola zimeanguka, na aya hiyo bado yasomwa mwisho wa khutba katika misikiti isiyo na idadi kila Ijumaa. Ndani yake mna uadilifu, na pamoja nao mna jamaa. Basi leo mtakaporudi majumbani, kila mmoja wetu atazame ana haki ya nani mkononi.

Ewe Mola wetu, tupe watawala waadilifu na makadhi wenye elimu na khofu Yako. Ewe Mola wetu, usitufanye wenye kudai Sharia kwa ndimi na kuikataa kwa mikono. Warehemu maimamu wetu na masheikh wetu waliotutangulia, na uzirejeshe haki za mayatima na wajane kwa wenyewe kabla ya siku isiyofaa mali wala watoto. Amin.